Nusu Kidole Kuelekea Ziwani

Mwaka 1971, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alipofuka. Alikuwa fundi cherehani hapa Gisenyi, na fundi cherehani asiyeona uzi hana kazi. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Jumatatu nilikwenda shule, Jumanne sikwenda, na mpaka leo sijarudi. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nasema ili ieleweke kwamba kila nilichojua baada ya siku ile nilikijua kwa mkono, na mkono wangu nimeuamini kuliko kitabu cha mtu yeyote. Ndiyo maana niliharibu kazi ya mtoto wa dada yangu.

Nilianza kwa kubeba chumvi sokoni. Nilipofika miaka kumi na sita, mwenye duka mmoja wa upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, alitaka waya wa redio uvutwe juu ya paa lake. Mabati yalikuwa yameloa, mafundi wake wakakataa kupanda. Nikapanda mimi. Redio ikasema. Sikubeba chumvi tena. Waya za redio, baadaye antena za televisheni, baadaye zile sahani kubwa tunazoziita parabole: hakuna mtaa wa Gisenyi, na ya Goma ni michache, ambao sijakanyaga paa zake.

Kazi yetu ina desturi yake. Fundi yuko juu, ameshika mlingoti. Mwenye nyumba yuko ndani, mbele ya televisheni. Mlangoni anasimama mtu wa kupaza sauti, mara nyingi mama wa nyumba. Fundi anageuza. “Mvua! Mvua tupu!” anapiga kelele mama, maana kioo ni chenga tu. Fundi anageuza tena. “Naona kichwa ya mutu! Rudisha! Hapo! Hapo, usiguse!” Fundi anakaza nati, anashuka, anakunywa chai. Tunapima kwa vidole: kidole kimoja kulia, nusu kidole kushoto. Fundi mbaya anageuza asubuhi nzima. Mimi niligeuza mara nne, ikizidi sana tano. Hilo nilijivunia na bado najivunia.

Dada yangu aliolewa Goma na Mkristo. Watu wa msikitini walisema mengi. Mimi nilikula wali wa harusi nikanyamaza. Dada alipofariki, binti yake akawa wa kwetu likizo zote. Alikuwa ananishikia ngazi. Kisha akaenda chuo kikuu Kigali kusomea mawimbi, nami nikatangaza mtaa mzima kwamba amefuata mkono wa mjomba wake.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa kiangazi, alikuja nyumbani na ubao mkubwa kama mlango wa kabati.

“Mujomba, naomba ukuta yako.”

“Ukuta iko na nyumba nyuma yake. Unataka ukuta peke yake, ama na mimi ndani?”

“Ukuta tu. Na we usiiguse.”

Mke wangu alikuwa jikoni. “Muchukue na yeye,” alisema, “mi nipumzike.”

Nyumba yangu iko kwenye ukingo wa mteremko, ziwa likiwa upande mmoja. Chini yake kuna kibonde chenye nyumba saba, na bega la mlima limekaa kati ya kibonde kile na minara yote ya simu. Rezo, yaani mtandao wa simu, haishuki kule. Mama mmoja mshonaji, ambaye wateja wake wengi wako Goma, alikuwa anapanda kila siku mpaka chini ya dirisha langu ili apige simu, na mimi nikiwa kwenye kiti changu nasikia vipimo vya viuno vya wanawake nisiowajua. Mpwa wangu alitaka kuishusha rezo kibondeni bila kujenga mnara. Ng'ambo, kwenye shule inayotutazama, aliweka kisanduku cha kutuma mawimbi. Kisanduku cha kupokea angekitembeza nyumba kwa nyumba. Ubao ungekaa kwenye ukuta wangu, katikati, unaona pande zote mbili.

Nikamuuliza ubao unafanya nini.

“Bon, sikiliza, mujomba. Ubao inarudisha mawimbi tu, kama vile kioo inarudisha jua. Lakini iko na vipande mia mbili makumi tano na sita. Kila kipande naweza kuiambia: we rudisha sasa, we chelewa kidogo. Vyote vikikubaliana, mawimbi yanashuka kwa nyumba moja. Shida, ubao haiko na masikio. Haiwezi kuniambia imesikia nini. Basi natuma sauti yenye mi najua na ile nyumba inajua. Nabadilisha vipande, natuma tena. Nabadilisha, natuma tena. Hapo ndiyo najua njia iko namna gani.”

“Ni mimi na mama wa mlangoni.”

“Ndiyo wewe na mama wa mlangoni. Lakini we unageuza mara nne. Mi nikiuliza kipande kwa kipande, nyumba kwa nyumba, wakati yote inaisha kwa kuuliza. Watu wataongea saa ngapi?”

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yake yenyewe, na alinieleza nikaelewa, mimi wa darasa la tatu. Njia ina vipande viwili: kutoka kisanduku cha shuleni mpaka kwenye ubao, na kutoka kwenye ubao mpaka nyumbani kwa mtu. Kipande cha kwanza ni cha wote.

“Watu saba wakipanda bus moja kutoka Kigali, wanashuka hapa kituo, kila mutu anatembea kwake. Juu ya nini niulize barabara ya Kigali mara saba? Nyumba ya kwanza naiuliza yote, polepole. Zile sita nauliza kipande cha kutembea tu. Maswali machache, basi.”

“Shule imekufundisha uvivu.”

“Uvivu muzuri, mujomba.”

Nilimcheka, lakini moyoni nilisema huyu ni wa damu yangu. Walimu wake wao walikuwa na mashaka. Walimwambia njia fupi ni nzuri darasani, aende akaionyeshe mlimani. Visanduku walimwazima kwa wiki moja, Jumamosi lazima virudi. Nyumba zile sita zikikubali, wangempendekeza kwa nafasi ya kuendelea na masomo nje. Nafasi ilikuwa moja na wanafunzi waliokuwa wakiitaka walikuwa wawili.

“Donc,” alisema, na hapo hakucheka, “nikimaliza nyumba ya kwanza, ubao haiguswi. Hata kufuta vumbi.”

“Nimesikia.”

Nilisikia kweli. Sina wa kumsingizia.

Jumatatu aliufunga ubao yeye mwenyewe. Alikataa msaada wangu. Jumanne alikaa kwa mama mshonaji tangu asubuhi mpaka alasiri, akiuliza ile njia yote, polepole. Alipomaliza, mshonaji alipiga simu Goma akiwa amekaa kwenye cherehani yake, mguu kwenye pedali. Alicheka mpaka tukamsikia kule juu.

Jumatano asubuhi mpwa wangu alivuka kwenda shuleni kubadilisha betri ya kisanduku. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Mshonaji akapita akienda sokoni na wanawake wawili wanaouza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Akasimama, akaangalia ukuta.

“Fundi! Hii ubao yako imelala kama kofia ya mulevi.”

“Sikuifunga mimi.”

“Kwa ukuta ya nani?” alisema mmoja wa wale wenye sambaza. “Ukizeeka hata ukuta inajifunga peke yake?”

Wakacheka, wakaenda zao. Ilikuwa mzaha tu. Lakini niliangalia, na kweli ubao ulikuwa umeinama. Zaidi ya miaka arobaini hakuna kitu kilichopinda juu ya paa niliyoshika mimi, sembuse kwenye ukuta wangu. Nikaleta ngazi kutoka nyuma ya nyumba. Nikalegeza nati mbili za chini kwa spana namba kumi na tatu.

Ningeishia kunyoosha tu, labda ningejisamehe. Sikuishia hapo. Nilifumba jicho moja nikaangalia kibonde, kama ninavyofanya siku zote, nikaona ubao unatazama migomba badala ya nyumba. Nikausogeza nusu kidole kuelekea ziwani, nikakaza. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Nilikuwa nataka jioni arudi aseme, mujomba, leo iko muzuri kuliko jana, nami ninyamaze, nifurahi peke yangu.

Jioni hakusema hivyo. Nyumba mbili alizopima zilimpa namba ambazo hazikuwa na maana. Alhamisi akapima nne zilizobaki, vilevile. Sikujua wakati ule kwamba kwa vipande vidogo vile nusu kidole ni safari ndefu. Barabara ya Kigali aliyoiuliza kwa mshonaji nilikuwa nimeihamisha, naye aliendelea kuwapitisha watu sita mahali ambapo haipo tena. Angekuwa mtu wa njia ndefu, kila nyumba angeiuliza upya na kosa langu lisingemdhuru. Lilimdhuru kwa sababu aliamini kwamba alichokiacha Jumanne bado kiko.

Alhamisi alasiri alikaa kwenye ngazi ya mlango, kompyuta magotini. Mke wangu alileta chai.

“Mujomba, niko na swali moja tu. Kuna mutu aligusa ubao?”

Nilikoroga chai yangu. Akaendelea, akidhani sijaelewa.

“Kama iliguswa, hakuna shida, kesho narudia kwa mushonaji, yote inatengenea. Kama haikuguswa, basi njia yangu fupi ndiyo mubaya. Kesho nitapima nyumba ingine kwa njia refu, nione kama vyombo vinafanya kazi. Niko na siku moja. Haitoshi kwa zote mbili.”

Alinipa mlango ulio wazi kabisa. Ningetaja neno moja. Lakini ningelitaja mbele ya mke wangu, mbele ya mtoto niliyemfundisha kushika ngazi, kwamba niliambiwa nisiguse nikagusa, na kwamba mkono wangu ndio ulioharibu.

“Nani atapanda ukuta yangu na mi nimekaa hapa?” nilisema.

Sikusema uongo, kwa maneno. Niliuliza swali. Yeye alilichukua kama jibu kwa sababu lilitoka kwangu. Mke wangu aliangalia ngazi, iliyokuwa bado imeegemea pembeni mwa nyumba, mahali ambapo haikai. Akachukua birika akarudi ndani.

Ijumaa alipima nyumba ya chini kabisa kwa njia ndefu, ikakubali, na lazima ingekubali. Basi vyombo vizima, ubao mzima, mbaya ni njia yake. Jumamosi akarudisha visanduku Kigali. Ubao waliuacha kwangu.

Baada ya wiki chache alinipigia simu. Walimu walisema njia fupi inasimama kwenye karatasi, inaanguka mlimani. Nafasi walimpa mwenzake. “Nilizania barabara ni moja kwa wote,” alisema. “Nilikosea. Pole kwa kukusumbua na ukuta yako, mujomba.”

Aliniomba msamaha yeye. Nikamwambia Mungu ni mkubwa, nikakata simu.

Akapata kazi ya kubandika vioo kwenye simu, katika duka moja karibu na soko. Miezi minane. Kila Ijumaa alikuja kula kwetu, akanichekesha, akauliza magoti yangu yanaendeleaje. Nilikuwa namwekea nyama kubwa kwenye sahani, na kila nilipomwekea nilijua ninachofanya. Msikitini niliacha kumtaja. Siku moja mke wangu alikuwa anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa:

“Ngazi ilikuwa pembeni ya nyumba.”

“Najua.”

“Najua unajua. Nangojea.”

Nikatoka nje. Nikakaa kwenye kiti, nikauangalia ule ubao, umenyooka sawasawa, kazi safi.

Siku nilipovunjika haikuwa na jambo kubwa. Nilikwenda dukani kwake, saa sita mchana, simu yangu ilikuwa haishiki chaji. Mama mshonaji akaingia nyuma yangu.

“Mama docteur, ile ubao utarudi kuitengeneza lini? Mi nimerudia kupanda mulima kama mbuzi.”

“Niliacha zile mambo, mama,” alisema mpwa wangu, anafuta kioo cha mtu. “Akili yangu haikufika.”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja kimo chake. Mimi watu wananiambia akili yangu haikufika tangu utoto, na sikuwahi kuwaamini hata siku moja. Huyu aliyesoma alikuwa ameamini, kwa sababu yangu.

“Ilifika,” nikasema. “Mi niligusa.”

Akainua macho. “Uligusa nini?”

“Ubao. Jumatano, ulipokwenda shuleni. Ilikuwa imelala.”

“Yebaba we,” alisema mshonaji, akajishika mdomo. Nadhani alikumbuka kofia ya mlevi. Nilimwambia yeye hana kosa, na kweli hana.

Mpwa wangu aliweka kitambaa chini. “Vidole ngapi?”

“Nusu.”

“Upande gani?”

“Ziwani. Nati za chini.”

Alitoa kompyuta chini ya meza akaanza kuandika. Wateja wawili wakaingia, wakangoja, mmoja akaondoka. Aliniambia baadaye alichokuwa anafanya: alikuwa anaupindisha ubao ndani ya hesabu, kidogo kidogo, kama fundi juu ya paa, akitafuta mwinamo mmoja ambao namba za zamani za nyumba zote sita zitaukubali. Mimi sikuona kitu kwenye kioo, lakini niliona mabega yake. Yalishuka. Akafunga kompyuta.

“Zote sita,” alisema. Kisha: “Nilikuuliza.”

“Uliniuliza.”

“Kugusa, mujomba, ningecheka. Ningekutukana kidogo, ningecheka. Lakini nilikuuliza.”

Akamwita mteja aliyekuwa anangoja. Nilisimama pale, nikitaka apige kelele, aniite mzee mjinga mbele ya watu. Hakufanya. Niliondoka na simu yangu bila kutengenezwa.

Kesho yake alikuja nyumbani na karatasi.

“Andika. Siku gani, saa gani, vidole, upande. Andika pia kama nilikuuliza, na ulijibu nini.”

Mke wangu alijifuta mikono. “Nitamuandikia mimi, yeye atatia sahihi.”

“Hapana, mama. Aandike yeye.”

Alijua. Mtaa mzima unanijua kwa kazi, na ni watu wachache wanaojua kwamba nikipewa karatasi nasema nimesahau miwani. Niliandika mistari minane, asubuhi nzima. Mstari wa swali lake na jibu langu niliuandika mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza niliupamba. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu na hakunisaidia hata herufi moja.

Tulipanda basi kwenda Kigali. Walimu wake watatu waliisoma karatasi, wakapeana. Mmoja, mtu mpole, akaniuliza, “Mzee, kwa nini uliugusa?”

Njia nzima nilikuwa nimetayarisha maneno: miaka yangu ya paa, jicho langu, wale wenye sambaza. “Nilifikiri najua,” nikasema.

“Sasa itabidi tuwaweke na mafundi ndani ya hesabu,” alisema mwingine, na wakacheka, mimi pia nikacheka. Mpwa wangu hakucheka.

Walimpa visanduku wiki nyingine. Alianza upya kwa mshonaji. Alipomaliza nyumba ile ya kwanza alipanda ngazi mwenyewe na kikopo cha rangi nyekundu, akachora mstari mwembamba juu ya kila nati, unaotoka kwenye nati kwenda kwenye chuma, ili nati ikizunguka hata kidogo mstari ukatike. Kila asubuhi, kabla ya kushuka kibondeni, alipanda, akaangalia mistari minne, akashuka. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu pale pale, hatua tatu. Alinisalimia vizuri, “Umeamukaje, mujomba,” kisha akapanda. Kuniuliza ingekuwa kazi ndogo zaidi. Hakuniuliza.

Nyumba sita zilikubali zote, kwa maswali machache kama alivyosema. Walimu wakaandika kwamba njia yake inasimama, na kisanduku cha shuleni wakakiacha pale kiendelee kutuma. Cheti cha chuo alipata. Nafasi ile ya nje haikurudi. Mwenzake alikwisha kusafiri. Aliomba kwingine, mpaka leo hajajibiwa. Sasa anafundisha umeme kwenye shule moja upande wa Nyundo. Ijumaa bado anakuja kula. Nyama anajipakulia mwenyewe. Juzi nilimwambia mvua itanyesha alasiri. Alitoka nje akaangalia mawingu.

Nina nyumba ya vyumba vitano, ya matofali. Nina duka la antena na nyaya. Nina ngazi mbili, moja ya chuma. Nina pikipiki moja, inatembea. Nina shamba la viazi Kanzenze na mbuzi wanne kwa mtu Cyanzarwe. Nina ukuta wenye ubao wa chuo, na kibondeni nyumba saba zinapiga simu. Karatasi yangu ya mistari minane sinayo, iko kwa mpwa wangu.